Je, 2147483647 ni namba tasa, na kwa nini imejaa kwenye daftari letu la wanachama?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, na pia ni katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Mwezi uliopita tulihamishia orodha ya wanachama kwenye kompyuta. Nilipofungua safu ya namba za simu nikakuta wanachama wote wameandikiwa namba moja: 2147483647. Usiku ule sikulala, nikakaa naigawanya. Nimejaribu namba tasa zote kuanzia 2 hadi 97 na kila mara inabaki baki. Naomba kujua kama hii ni namba tasa. Kama ndivyo, nitathibitishaje mbele ya wanafunzi bila kompyuta? Na kwa nini kompyuta imechagua hiyo na si nyingine?"

Jibu: Mwalimu, ndiyo, 2147483647 ni namba tasa: haina kigawo chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Uthibitisho wake unaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi, na ulifanywa hivyo zaidi ya miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Hata hivyo kompyuta yako haikuichagua kwa sababu ya utasa wake, na hilo nitalieleza baada ya hisabati yenyewe, kwa kuwa ndilo lenye manufaa kwa chama chako.

Kwa maneno inasomeka bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba; waliozoea laki watasema laki nne na elfu themanini na tatu mahali pa yale maelfu. Ikisomwa hivyo inaonekana kama namba iliyookotwa tu. Umbo lake hujitokeza ukianza na 2 na kuizidisha kwa 2 tena na tena. Ukifika 2 kwa kipeo cha 31, ambayo nitaiandika 2^31, unapata 2147483648. Toa moja, na hiyo ndiyo namba yako. Ikiandikwa kwa mtindo wa kompyuta, unaotumia tarakimu 0 na 1 tu, inakuwa tarakimu 1 zilizopangwa thelathini na moja mfululizo, bila sifuri hata moja katikati.

Umbo hilo ndilo linalookoa kazi. Kwa namba ya kawaida ya ukubwa huu, mtu anayetaka kuhakikisha utasa wake kwa njia unayoifundisha darasani angelazimika kugawanya kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yako ni 46340 na ushei, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 4792. Ni kazi ya wiki nyingi, na kosa moja la kutoa linaiharibu yote. Lakini kwa kuwa tunajua namba hii ni 2^31 kutoa 1, tunaweza kusema mapema ni namba zipi tu zenye uwezekano wa kuigawanya, na kuziacha nyingine zote bila hata kuzigusa.

Hebu tulitazame jambo hili kwa karibu, kwa sababu naamini wanafunzi wako wanaweza kulifuata. Chukua namba tasa yoyote, uandike vipeo vya 2 kwa mfululizo, na kila kimoja ukigawanye kwa namba hiyo ukiandika baki peke yake. Kwa 7 unapata 2, 4, 1, kisha 2, 4, 1 tena, bila mwisho. Kwa 23 unapata 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1, kisha yanaanza upya. Mabaki huzunguka, na kila mzunguko hufungwa na 1. Mzunguko wa 7 una urefu wa 3, na wa 23 una urefu wa 11. Mfaransa Pierre de Fermat aligundua mwaka 1640 kwamba, kwa namba tasa q isiyo 2, kipeo cha 2 chenye hatua q kutoa 1 lazima kibakize 1. Kwa maneno mengine, urefu wa mzunguko siku zote unagawanya q kutoa 1 bila baki. Angalia: 3 inagawanya 6, na 11 inagawanya 22.

Sasa tuseme kuna namba tasa q inayoigawanya 2147483647. Hapo 2^31 ikigawanywa kwa q itabakiza 1, maana yake hatua ya 31 inaangukia mwisho wa mzunguko, na kwa hiyo urefu wa mzunguko unagawanya 31. Lakini 31 ni tasa, hivyo urefu huo ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, kwa sababu hapo 2 yenyewe ingebakiza 1 na q ingelazimika kuigawanya 1. Kwa hiyo urefu ni 31, na 31 inagawanya q kutoa 1. Kwa kuwa q ni witiri, q kutoa 1 ni shufwa, na hivyo inagawanyika kwa 62. Kila kigawo tasa cha namba yako, kama kipo, lazima kizidi kigawe cha 62 kwa 1: 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea.

Kuna kichujio cha pili. Ukizidisha 2^31 kwa 2 unapata 2^32, ambayo ikigawanywa kwa q itabakiza 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Basi q ni namba tasa ambayo kwayo kuna mraba unaobakiza 2, na inajulikana kwamba jambo hili hutokea kwa zile namba tasa witiri tu ambazo zikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Kwa 7, mraba wa 3 ni 9 na unabakiza 2. Kwa 17, mraba wa 6 ni 36 na unabakiza 2. Jaribu kwa 5 na utaona miraba inabakiza 0, 1 na 4 peke yake, haifiki 2 kamwe.

Ukiunganisha vichujio viwili, kila kigawo tasa kinachowezekana kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Namba za namna hiyo kati ya 2 na 46340 ni 373 tu, na nyingi zake si tasa: 63 si tasa, 249 ni 3 mara 83, 497 ni 7 mara 71, 559 ni 13 mara 43. Ya kwanza iliyo tasa ni 311. Inayofuata ni 1303, kisha 1489. Hapa, Mwalimu, sina budi kukuambia kwamba jitihada zako za usiku ule hazikuhitajika hata kidogo: hakuna namba tasa iliyo chini ya 311 ambayo ingeweza kuigawanya namba hii, iwe 3, 7, 97 au 307. Kigawo cha kwanza kustahili kujaribiwa ni 311 yenyewe. Ukigawanya unapata 6905092 na baki 35. Kwa 1303 unapata 1648107 na baki 226. Ukiendelea hivyo hadi 46191, ambayo ndiyo ya mwisho katika orodha, hakuna hata moja inayotoka bila baki, na uthibitisho umekamilika.

Namba tasa halisi katika orodha hiyo ya 373 ni takriban themanini. Ukiwa na darasa la wanafunzi arobaini, kila mmoja anapata mbili hivi. Mimi ningefanya hivyo bila kusita. Kipindi cha kwanza wachuje orodha, wakitupa zile zinazogawanyika kwa 3, 5, 7, 11 na kadhalika. Kipindi cha pili wagawanye, na kila mgawanyo ukaguliwe na jirani kwa kuzidisha na kujumlisha baki. Mwisho wa juma darasa litakuwa limethibitisha kwa mikono yake jambo ambalo mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alilieleza katika barua yake kwa Johann III Bernoulli, iliyomo katika kumbukumbu za Akademia ya Berlin za mwaka 1772, na kwa njia ileile aliyoitumia yeye.

Kabla yake namba hii ilikuwa na sifa ya utasa lakini haikuwa na uthibitisho. Pietro Cataldi wa Italia alithibitisha mwaka 1588 kwamba 131071 na 524287, yaani 2^17 na 2^19 kila moja kutoa 1, ni tasa. Akadai vivyo hivyo kwa vipeo vya 23, 29, 31 na 37, na katika hivyo vinne alipatia kimoja tu, 31. Ukijaribu 2^23 kutoa 1, yaani 8388607, kwa mantiki ileile tuliyotumia juu, vigawo lazima vizidi kigawe cha 46 kwa 1, na cha kwanza kabisa, 47, kinaigawanya: 47 mara 178481. Cataldi angelijua jambo hili, hesabu moja ingemtosha. Mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne naye alitoa orodha yake ya vipeo mwaka 1644, ambamo 31 imo kwa haki, lakini 67 na 257 zimo kimakosa, na 61, 89 na 107 zimesahauliwa. Namba tasa za umbo hili bado zinaitwa kwa jina lake, na yako ni ya nane katika msafara wao, baada ya 3, 7, 31, 127, 8191, 131071 na 524287.

Baada ya Euler kuithibitisha, ilikaa zaidi ya miaka sabini ikiwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani. Pia ilitoa namba kamilifu ya nane. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vilivyo pungufu yake vikijumlishwa vinairudisha yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3, au 28 ambayo ni 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid, Mgiriki wa kale, alionyesha kwamba kila namba tasa ya umbo letu huzaa moja. Ya kwako inazidishwa kwa 2^30 na kutoa 2305843008139952128. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo itakuwa kubwa kuliko zote zitakazopatikana, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, padri wa Kirusi, alithibitisha utasa wa 2^61 kutoa 1, na utafutaji haukusimama hapo: mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136279841 kutoa 1, yenye tarakimu 41024320.

Namba ya tarakimu milioni arobaini haipimwi kwa kugawanya. Inapimwa kwa kipimo kilichoanzishwa na Édouard Lucas katika karne ya 19 na kukamilishwa na Derrick Lehmer mwaka 1930, na ninakusihi uwaonyeshe wanafunzi wako kwa sababu ni chepesi kuliko kinavyostahili kuwa. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima na uchukue baki. Rudia. Ikiwa namba ni 2 kwa kipeo cha p kutoa 1, na p ni tasa witiri, unarudia mara p kutoa 2. Ukiishia kwenye 0, namba ni tasa, na ukiishia kwingine, si tasa. Kwa 31, ambayo ni 2^5 kutoa 1, mara tatu zinatosha: 14, kisha 194 inayobakiza 8, kisha 62 inayobakiza 0. Kwa 127 ni mara tano: 14, 67, 42, 111, 0. Kwa 2047, ambayo ni 2^11 kutoa 1, unarudia mara tisa na unaishia kwenye 1736, basi si tasa. Kweli ni 23 mara 89. Zingatia kwamba kipimo kimesema si tasa bila kututajia kigawo hata kimoja. Kwa namba yako zinahitajika hatua 29, kila moja ikiwa na mzidisho wa tarakimu kumi kwa kumi, kwa hiyo ubaoni ningeishia kwenye 127.

Kuna sifa moja zaidi ninayoipenda, nayo haimo ndani ya namba yenyewe bali kwa jirani yake wa chini. Toa 1 upate 2147483646. Hii ni 2 mara (2^30 kutoa 1), na hiyo ya kwenye mabano inavunjika kama tofauti ya miraba miwili inavyovunjika: 32767 mara 32769. Ya kwanza ni 7 mara 31 mara 151. Ya pili ni 9 mara 11 mara 331. Namba tasa ambayo jirani yake huvunjika kirahisi hivi ina thamani kubwa kwa watu wanaotengeneza namba za nasibu, yaani zinazoonekana hazina mpangilio, ndani ya kompyuta. Wanaanza na 1, wanazidisha kwa 16807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, wanagawanya kwa 2147483647 na kuchukua baki, kisha wanarudia: 16807, 282475249, 1622650073, 984943658 na kuendelea. Mfululizo huo hupita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja tu, ndipo urudi kwenye 1. Vigawo vya jirani ndivyo vinavyoturuhusu kuhakikisha kwamba haurudi mapema.

Sasa kompyuta yako. Namba kamili huhifadhiwa mara nyingi katika nafasi ya biti 32, kila biti ikiwa 0 au 1. Biti moja hutumika kutambulisha kama namba ni hasi. Zinabaki 31, na zikijazwa tarakimu 1 zote unapata 2147483647, kubwa kuliko zote zinazoingia humo. Hiyo ndiyo sababu nzima. Utasa haukuhusika, na ushahidi ni nafasi za ukubwa mwingine: kikomo cha biti 8 ni 127, ambayo ni tasa, lakini kikomo cha biti 16 ni 32767, ambayo tumetoka kuivunja hapo juu, na kikomo cha biti 64 ni 9223372036854775807, inayogawanyika kwa 49.

Namba ya simu ya Tanzania iliyoandikwa kimataifa huanza na 255 na ina tarakimu kumi na mbili. Ikisomwa kama kiasi ni zaidi ya bilioni mia mbili hamsini na tano, mbali sana juu ya kikomo. Baadhi ya hifadhidata, kama MySQL isipowekewa masharti makali, hazikatai namba iliyozidi bali huishusha hadi kikomo na kuendelea kimya, na ndiyo maana kila mwanachama wako, tajiri na maskini, ameandikiwa namba ileile. Wenzenu wa Kenya wenye 254 na wa Uganda wenye 256 wangepata matokeo hayohayo.

Safu ya simu ibadilishwe iwe ya maandishi, si ya namba. Namba ya simu haijumlishwi wala haizidishwi, na ikihifadhiwa kama kiasi hata ile sifuri ya mwanzo hupotea. Mwambie pia aliyewatengenezea programu akague safu za fedha. Ikiwa akiba inahifadhiwa kwa senti katika biti 32, mwanachama atakayefikisha shilingi 21474836 na senti 47 hataweza kuongezewa hata senti moja zaidi kwenye kumbukumbu. Akague na tarehe: mifumo mingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na iliyobaki kwenye biti 32 itafikia namba hii Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na sekunde inayofuata itadhani imerudi Desemba 1901. Mkopo wa nyumba wa miaka kumi na mitano ukikokotolewa leo tayari unaipita tarehe hiyo.

Namba halisi za simu hazitapatikana tena ndani ya safu hiyo, kwa kuwa kilichoandikwa humo ni kikomo na si namba iliyoingizwa. Itabidi mzisome upya kutoka kwenye fomu za karatasi ambazo wanachama walijaza siku ya kujiunga. Kama bado ziko kabatini, msizitupe.